Jibu Lirudi kwa Mwalimu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu na wazazi wa eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale. Imeandikwa kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia kufika.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wakuu, walimu wenzangu, wazazi wetu mlioianza safari kabla ya jua kuchomoza ili mketi nasi asubuhi hii, wazee wa mitaa mnaotulindia watoto, assalaam alaykum na Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kufundisha watoto wakiwa majumbani, wakati shule zimefungwa kwa sababu ya dharura. Nimekuja na kitu kimoja tu mkononi, nacho ni daftari hili la kurasa 96, ambalo jalada lake limekwisha kuliwa na mende upande mmoja. Nitawaeleza baadaye limeandikwa nini. Kwa sasa naomba mlitazame tu, kwa kuwa karibu yote niliyo nayo ya kusema leo yametoka humu.

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, nilikuwa nimeketi barazani nikisahihisha madaftari ya Hisabati ya darasa la sita, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba shule zote nchini zifungwe. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu mgonjwa wa kwanza wa Korona atangazwe Kenya. Shule za kutwa zilitakiwa kufungwa kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Nilifikiri moyoni kwamba jambo hili litachukua majuma matatu, labda manne, kisha nikaendelea kusahihisha.

Mnaona kosa langu? Madaftari 58 ya Hisabati yalikuwa mezani kwangu, na watoto 58 walikuwa makwao bila hata pa kuandikia. Darasa la sita halikurudi baada ya majuma manne. Mwezi Julai, Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea. Mwezi Oktoba gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne ndio walioitwa warudi. Wangu walirudi tarehe 4 Januari 2021, na nilipowagawia yale madaftari, msichana mmoja alilifungua lake, akalitazama, akaniuliza, "Mwalimu, hili ni la nani?" Hakuutambua mwandiko wake mwenyewe.

Baina ya Machi na Januari, je, hakuna kilichofundishwa? Kilifundishwa, tena kwa bidii. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, yaani KICD, ilipeleka masomo hewani kupitia redio za KBC, kupitia chaneli ya runinga ya Edu na kupitia YouTube. Walimu walirekodi vipindi, magazeti yalichapisha ratiba, na kampuni za simu zikajitokeza na masomo ya ujumbe mfupi. Sitaki mtu yeyote atoke hapa akisema kwamba nimewabeza watu hao. Walifanya kazi kubwa katika muda mfupi sana.

Lakini walimu wenzangu, ninyi mnajua kazi yetu ilivyo. Mnaposimama mbele ya ubao na kueleza jambo, je, kazi imekwisha? Mnageuka. Mnazitazama nyuso. Mnamwona yule wa dawati la nyuma anayekubali kwa kichwa haraka kupita kiasi, nanyi mnajua hajaelewa hata kidogo. Mnamwita, anajibu, na kutokana na jibu lake mnajua mrudie wapi. Somo linapotoka kinywani mwa mwalimu limekwenda nusu ya safari. Nusu ya pili ni jibu linaloondoka kwa mtoto na kurudi kwa mwalimu. Mwaka ule wa 2020, na katika kila dharura iliyofuata, tulihangaika mno na nusu ya kwanza. Tuliuliza habari za intaneti, za bando, za chaneli na za masafa. Tulisahau kuulizana swali moja: je, jibu lilirudi?

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwezi Aprili nilianzisha kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu. Wenye simu za kuweza kuingia humo hawakufika nusu, lakini nilijifariji kwamba si haba. Kila Jumatatu niliandika maswali 10 kwenye karatasi, nikayapiga picha, nikayatuma. Wiki ya kwanza majibu tisa yalirudi, na yote tisa yalikuwa sahihi kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Nilifurahi mno. Nilimwambia hata mwalimu mkuu. Wiki ya pili ndipo nilipotulia na kuitazama picha moja kwa makini. Kijana aliyeituma alikuwa hajui kugawanya kwa njia ndefu mwezi Machi, na sasa amegawanya kwa mwandiko mzuri uliolala upande wa kulia. Mwandiko ule niliujua, maana mwenyewe nilimfundisha mwaka wa 2016. Ulikuwa wa kaka yake, aliyekuwa kidato cha tatu.

Kwa hiyo jibu lilirudi, ila halikuwa la mtoto wangu. Na wale wengine 49? Kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, nami mshindo huo niliupata sokoni, mwezi Mei, nikinunua mchicha. Mama mmoja alinisimamisha, akanisalimia kwa heshima zote, kisha akaniuliza mbele za watu, "Mwalimu, mwanangu amekukosea nini hata umsahau?" Nilimweleza habari za kundi la WhatsApp. Akatoa simu yake kutoka kwenye kona ya leso, simu ya mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira ili betri isianguke, akanionyesha. Akasema, "Hii haina picha, Mwalimu, lakini ukipiga inaita."

Ukipiga inaita. Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya ninunue daftari hili.

Nililigawa kila ukurasa safu nne. Safu ya kwanza jina la mtoto. Ya pili nambari ya simu na mwenyewe ni nani, kwa sababu mara nyingi si ya mzazi, ni ya mjomba au ya jirani. Ya tatu saa ambayo simu hiyo huwa karibu na mtoto, na hapo ndipo nilipojifunza mengi ambayo miaka 14 ya kufundisha haikuwa imenifunza. Kumbe simu za nyumba nyingi hushinda Mombasa na baba, hurudi usiku. Kumbe nyingine hushinda kwenye duka la kuchaji, hurudi Jumamosi. Kumbe kuna nyumba ambazo mtandao hupatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi, na mtoto hawezi kusimama juu ya kichuguu saa 2 usiku. Safu ya nne nilikuwa nikiandika kosa ambalo mtoto amelifanya katika swali la siku hiyo. Naomba mzingatie hapo. Sikuandika alama. Niliandika kosa.

Nilipiga simu nne kila siku, tano nikiwa na salio. Walioweza walinibipu, nami nikapiga. Kila simu ilikuwa na swali moja tu la Hisabati, na mtoto alitakiwa alifanye kwa sauti, nikisikiliza.

Jioni moja nilimpigia binti niliyemhesabu miongoni mwa wanafunzi wangu wa wastani, si wa mbele wala wa nyuma. Nikamwambia ajumlishe robo tatu na nusu. Akajibu bila kusita, "Nne juu ya sita." Nikamuuliza amepataje. Akasema, "Nimejumlisha juu na juu, chini na chini, Mwalimu." Tatu na moja ni nne, nne na mbili ni sita. Walimu wa Hisabati mnacheka kwa sababu mnalijua kosa hilo kama mnavyowajua watoto wenu. Ningekuwa nasahihisha karatasi ningeweka alama ya mkasi, kwamba amekosa, na kupita. Lakini sasa nilikuwa na sauti yake sikioni, nikamwambia, "Chukua chapati. Kata vipande vinne, bakisha vitatu. Sasa mimi nakuongezea nusu chapati. Una nyingi kuliko mwanzo au una chache?" Akasema, "Nyingi." Nikamwambia, "Nne juu ya sita ni sawa na theluthi mbili. Theluthi mbili na robo tatu, ipi kubwa?" Akanyamaza. Nilisikia mbuzi. Nilisikia mtu akipasua kuni. Kisha nikamsikia anacheka, akasema, "Haiwezekani, Mwalimu. Umeniongezea, halafu imepungua!"

Simu ile ilichukua dakika saba. Ukurasa uleule nikagundua kwamba watoto 11 kati ya 15 niliokuwa nimekwisha kuwauliza swali hilo walikosea kwa njia ileile moja. Kwa majuma mawili nilikuwa nimetuma mazoezi ya sehemu kwenye kundi, na majibu sahihi yakawa yanarudi.

Huenda mtu akasema hayo ni ya mwalimu mmoja wa kijijini. Ni haki kusema hivyo, basi tutoke Kwale. Nchini Botswana, mwaka huohuo wa 2020, shirika la vijana liitwalo Young 1ove pamoja na watafiti walichukua familia zaidi ya 4,000 zenye watoto wa shule za msingi wakazigawa makundi. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Kundi la pili lilitumiwa ujumbe huohuo na kupigiwa simu ya dakika 15 hadi 20 mara moja kwa wiki, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja. Kundi la tatu halikupata kitu. Walipopima, wale waliopigiwa simu walikuwa wamejifunza, na ujumbe mfupi peke yake haukuleta tofauti kubwa. Jaribio hilo lilirudiwa baadaye katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na simu ikaonekana tena kusaidia.

Hata hivyo sitawauzia mbuzi kwenye gunia. Nchini Sierra Leone, katika janga hilohilo, walimu walipiga simu za kuwasaidia wanafunzi, na watafiti walipopima matokeo ya Hisabati na lugha hawakuona mabadiliko. Kwa hiyo simu haina dawa ndani yake. Maoni yangu, nanyi mna ruhusa ya kuyapinga wakati wa maswali, ni kwamba kuna simu ya kumpa mtoto somo na kuna simu ya kulisikia kosa lake ili umfundishe pale alipo, na ni rahisi sana kwa mwalimu aliyechoka, mwenye salio dogo, kupiga ile ya kwanza akidhani amepiga ya pili. Mimi mwenyewe nimezipiga nyingi za aina hiyo. Ukurasa wa daftari ukiwa na jina na saa lakini safu ya nne haina kitu, najua siku hiyo nilikuwa redio tu.

Nimeitaja redio, na nisiionee. Redio haikuanza kufundisha juzi. Mwezi Septemba 1937, mji wa Chicago nchini Marekani ulikumbwa na polio na shule zikachelewa kufunguliwa. Watoto zaidi ya laki tatu walikuwa majumbani. Wakuu wa elimu waliomba muda katika vituo sita vya redio, wakatoa masomo ya dakika 15, na magazeti yakachapisha ratiba na maswali ya kila siku. Malalamiko waliyoyapata mngedhani ni ya kwetu: somo linakwenda mbio mno, kituo hakisikiki vizuri, wengine hawana redio kabisa. Lakini walifanya jambo moja la busara. Waliweka simu ofisini na walimu wa kuzipokea, ili mzazi apige aulize. Simu zikawa nyingi hata ikabidi waongeze walimu wa kuzipokea.

Miaka 14 baadaye, mwaka wa 1951, huko Alice Springs katikati ya Australia, ilianzishwa shule ya redio kwa watoto wa mashamba ya mifugo ambao jirani wa karibu aliweza kuwa mwendo wa siku nzima. Walitumia redio za huduma ya madaktari wa ndege, ambazo zilipokea sauti na kuituma. Masomo ya mwanzo yalikwenda upande mmoja tu, mwalimu akisema na watoto wakisikiliza, na haukupita muda mrefu wakaongeza kipindi cha maswali na majibu. Watu wale hawakuwa na intaneti wala setilaiti, lakini waliona mapema kwamba mtoto asiyejibu hayuko darasani.

Mtaniambia redio zetu hazitumi sauti, zinapokea tu. Ni kweli. Na hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha jambo ambalo limefanyika hapahapa Afrika Mashariki na tukalisahau. Katika miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford wakishirikiana na walimu wa Nicaragua walitunga masomo ya Hisabati ya redio ambayo mtangazaji anauliza swali, ananyamaza, watoto wanajibu kwa sauti kubwa, kisha mtangazaji anataja jibu sahihi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtindo huo uliletwa Kenya kufundishia Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Zanzibar, miaka ya 2000, watoto wadogo ambao hawakuwa na shule ya chekechea karibu walikusanyika chini ya miembe na mabanda kusikiliza Tucheze Tujifunze, wakiimba, wakiruka na kuhesabu mawe jinsi redio inavyowaambia, na mlezi wa kijijini akiwa kati yao. Mtambo wote wa ufundishaji huo ni ule ukimya wa sekunde chache. Redio inanyamaza ili mtoto aseme, na mtu mzima aliye karibu anasikia kama amepatia au amekosea.

Linganisheni na nililoliona kwa macho yangu. Mwezi Juni 2020 niliketi nje ya duka moja la kuchaji simu, ambapo fundi alikuwa na redio, na watoto wasiopungua saba walikuwa wamekaa kwenye vigae wakisikiliza kipindi cha Sayansi cha kituo kimoja ambacho sitakitaja. Msomaji, kwa sauti nzuri sana, akauliza, "Je, ni wanyama gani wanaotaga mayai?" Kijana mmoja mwembamba akaruka juu na mkono hewani akajibu, "Kuku, Mwalimu! Na mamba!" Redio haikumsubiri. Ilikuwa imekwisha kuingia kwenye sentensi ya pili kabla hajafika kwenye mamba. Akasimama pale, mkono ukashuka taratibu, akaketi. Jibu lake la mamba lilikuwa jibu bora kuliko lililosomwa kwenye kipindi, na hakuna aliyelisikia ila mimi na fundi.

Je, ingegharimu kiasi gani kunyamaza sekunde tano?

Walimu wenzangu, dharura si maradhi tu. Mnakumbuka Januari 2020, kabla hata ya Korona, walimu wasio wenyeji waliondolewa Garissa, Wajir na Mandera baada ya wenzao kuuawa Kamuthe, huko Garissa, na madarasa yakabaki na watoto bila walimu. Na mnakumbuka zaidi mwaka wa 2024, kwa sababu maji yale tuliyaona wenyewe. Muhula wa pili ulipaswa kuanza tarehe 29 Aprili. Ukasogezwa hadi tarehe 6 Mei, kisha ukasogezwa bila tarehe, na hatimaye shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Shule nyingine zilikuwa na familia zilizohama mafuriko zikilala madarasani.

Katika maji, vifaa vya mwaka wa 2020 havikutusaidia sana. Redio iliyolowa haisemi. Simu isiyo na chaji haiiti, na duka la kuchaji liko ng'ambo ya mto usiovukika. Na kama kwamba hayo hayatoshi, Jumapili ya tarehe 12 Mei, siku moja kabla shule hazijafunguliwa, nyaya mbili za intaneti zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa kusini, na intaneti ikadhoofika kuanzia Tanzania hadi huku kwetu na Uganda. Wenzetu wa Tanzania waliumia kuliko sisi. Mtu aliyekuwa ameweka shule yake yote ndani ya intaneti siku hiyo alikuwa mwalimu asiye na ubao wala chaki.

Tulirudi kwenye karatasi. Ukurasa mmoja, maswali sita, na nafasi kubwa chini ya kila swali, kwa sababu mtoto asipopewa nafasi ya kuandika njia huandika jibu tupu, na jibu tupu halikuambii kitu. Nakala zilitolewa kwenye saiba, yaani duka la kompyuta, la sokoni. Kijana wa bodaboda, aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, alizipeleka Jumatatu kwenye maduka manne pamoja na unga na sukari aliyokuwa akisafirisha, na Ijumaa akazirudisha. Wenye maduka walikubali bila kutoza. Karatasi moja ilirudi na mafuta ya taa, nyingine na alama ya kikombe cha chai, na nyuma ya moja nyanya wa mtoto alikuwa amemwagiza mtu aandike: "Huyu swali la tano amelifanya mwenyewe, yale mengine tumesaidiana." Sijawahi kupokea ripoti ya mwanafunzi iliyo ya kweli kuliko hiyo.

Nani alilipia zile nakala? Wiki ya kwanza walimu, wiki ya pili walimu. Nalisema hili kwa kuwa wajumbe wa kamati ya shule wamo humu, na nawaona wanatazama chini.

Sasa nifike kwenye lile gumu, nami nitalisema polepole. UNICEF ilikadiria mwaka wa 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakufikiwa na aina yoyote ya masomo ya mbali shule zilipofungwa. Idadi hiyo ni kubwa hata haiumi. Iweke kando. Katika daftari hili kuna nambari sita ambazo mwaka ule hazikupokelewa kabisa, au zilipokelewa na mtu aliyesema mtoto hayupo. Mimi nilifanya nini? Nilichora mstari, nikaenda kwenye jina linalofuata. Nilikuwa na watoto wengi waliotaka kujibu, na salio langu lilikuwa la hao.

Wenzetu wa Sierra Leone walikuwa wamekwisha kuliona hili kabla yetu. Wakati wa Ebola shule zao zilifungwa hadi tarehe 14 Aprili 2015, na masomo ya redio yalikuwepo. Shule zilipofunguliwa wasichana wengi walikuwa wajawazito, na serikali yao ikawakataza wenye mimba zinazoonekana kuketi darasani na wenzao. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 2020, mwezi uleule ambao shule za dunia nzima zilikuwa zinafungwa. Jirani zetu wa Uganda walifunga Machi 2020 na hawakufungua kwa watoto wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Fikirini mtoto aliyekuwa darasa la kwanza.

Mwezi Agosti 2020 ndipo nilipotoka kwenda kuwatafuta wale sita wa daftarini kwa miguu na kwa bodaboda. Wawili walikuwa wamehamia kwa babu yao Samburu, ya hapahapa Kwale, wazima, simu tu ndiyo iliyopotea. Mmoja alikuwa anavunja mawe machimboni. Aliponiona alificha nyundo nyuma ya mgongo, kana kwamba nimemkuta na sigara. Alirudi Januari. Mmoja alikuwa mgonjwa. Mmoja alikuwa anachunga, na akanijibu maswali matatu papo hapo huku akiwarushia mbuzi mawe. Wa sita alikuwa msichana wa miaka 13. Shangazi yake alinikaribisha vizuri, akanipa maji, akaniambia kwamba alikwenda Mombasa mwezi Mei kufanya kazi katika nyumba ya watu. Nikauliza nyumba gani, mtaa gani. Hakujua. Nambari waliyopewa ilikuwa haipatikani tena.

Mstari niliouchora kwenye jina lake ni wa tarehe 21 Mei. Shangazi alisema aliondoka mwishoni mwa mwezi huo. Sijui nawaeleza hili kwa nini, ila ni kwamba kila mtu anapozungumza juu ya masomo ya mbali hutaja vifaa, na mimi kila nikisikia hutazama ukurasa huu. Simu isiyopokelewa ilikuwa jibu. Lilirudi kwangu, nami sikulisoma.

Tangu hapo tumekubaliana na wazee wa mitaa, na baadhi yao wameketi mbele yangu: mtoto asiyesikika siku tano, mzee wa mtaa anapewa jina, na mtu anafika nyumbani. Wakati wa mafuriko ya 2024 tulifanya hivyo kwa watoto tisa. Wote tuliwaona kwa macho.

Mwenyekiti, najua muda wangu umekwisha, na naona mawingu yanajikusanya upande wa Shimba Hills. Nina ombi moja la kumalizia. Lile daftari la zamani nitarudi nalo nyumbani. Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna jipya, lenye safu zilezile, isipokuwa nimeongeza ya tano: njia ya kufika nyumbani kwa mguu, kama vile mnavyomwelekeza mgeni, kuanzia dukani au msikitini au kwenye mbuyu. Daftari hilo litafungiwa kwenye kabati la shule, na naomba asitokee mtu wa kulipiga picha na kulitia kwenye makundi, maana ndani yake mna watoto. Asiye na simu aandike ya jirani au ya duka analoliamini. Asiyeandika aje kwangu, mimi nitamwandikia. Kalamu ziko mbili. Wanaotakiwa kuiwahi matatu ya saa 7 waanze.